SOMO LA KAMERA: PICHA TELE, USO HAKUNA



Somo letu la safari hii limetokana na msiba. Hapa Bariadi alifariki mzee wa kanisa ambaye kwa miaka mingi hakuna harusi wala ubatizo uliofanyika bila yeye kuwapo. Siku ya maziko watoto wake walitafuta picha ya kuweka mbele ya jeneza. Simu za wajukuu zilikuwa na picha mamia. Katika nyingine mzee alikuwa nyuma ya watu. Katika nyingine uso wake ulikuwa kivuli kitupu chini ya kofia. Mwishowe ilikuzwa picha ndogo ya kitambulisho. Mama mjane aliitazama kwa muda, kisha akasema, "Huyu siye mume wangu. Mume wangu alikuwa mtu wa kucheka."

Tangu siku hiyo vijana kadhaa wametujia kutuuliza wanunue kamera gani. Sisi si mafundi wa studio. Tulikuwa walimu wa chuo cha ualimu, na huko tulitumia kamera ya filamu kuwapiga picha wanachuo wakiwa katika mazoezi ya kufundisha. Filamu moja ilitoa picha 36 tu, na kila moja ilikuwa fedha. Kwa hiyo tulijifunza kufikiri kabla ya kubonyeza. Hayo machache tuliyojifunza wakati ule, pamoja na tuliyoyapata kwa kamera za leo, ndiyo tunayowagawia.

1. KAMERA NI CHOMBO CHA KUPOKEA NURU

Kamera yo yote ni chumba kidogo chenye giza na tundu moja la kuingizia nuru. Zamani nuru hiyo iliangukia filamu. Katika kamera ya dijitali huangukia kipande kidogo kiitwacho kihisi. Kihisi kimegawanyika katika vituo vidogo mno, na kila kituo hupima nuru iliyokifikia na kuiandika kwa namba. Kila nukta ya picha inayotokana na vipimo hivyo huitwa pikseli.

Kamera ya kwanza ya namna hii iliyoweza kubebwa mkononi ilitengenezwa mwaka 1975 na mhandisi Steven Sasson wa kampuni ya Kodak huko Marekani. Uzito wake ulikuwa kama kilo 3.6, picha yake ilikuwa na pikseli 10,000 tu, na ilichukua sekunde 23 kuandika picha moja katika kaseti. Leo simu nyingi mifukoni mwa vijana wetu zina pikseli milioni 12 au zaidi. Chombo kimebadilika sana, lakini nuru ni ile ile. Asiyeijua nuru atapiga vibaya hata akipewa kamera ya bei kubwa.

2. KUCHAGUA

(a) Anza na kazi, usianze na duka. Jiulize: nitapiga nini? Kama ni watoto nyumbani, mavuno ya pamba na wageni wanapotembelea, simu nzuri yatosha. Usione haya kuitumia. Mwaka 2010 watengenezaji wa Japani walipeleka sokoni kamera za dijitali zaidi ya milioni 121; mwaka 2023 hazikufika milioni 8. Watu wengi duniani wamehamia kwenye simu. Lakini kama utapiga kwaya ndani ya kanisa lenye madirisha madogo, au wacheza ngoma ya bugobogobo wakirusha majembe, au wanyama upande wa lango la Ndabaka, basi kamera kamili itakufaa zaidi.

(b) Usihadaike na megapikseli. Megapikseli moja ni pikseli milioni 1. Tupige hesabu. Ili picha isomeke vizuri mtu akiishika mkononi, karatasi huhitaji nukta 300 kwa kila inchi. Picha ya kawaida ya inchi 4 kwa 6 huhitaji nukta 1,200 kwa 1,800, yaani pikseli milioni 2 na kidogo. Karatasi ya A4 nzima huhitaji karibu milioni 9. Basi mwenye kamera ya megapikseli 12 amekwisha pata ya kutundika ukutani. Muuzaji akikuambia hii ina 48 na ile ina 24, usikimbilie kutoa fedha.

(c) Tazama ukubwa wa kihisi. Kihisi cha kamera nyingi ndogo za mfukoni kina upana wa milimita 6 hivi na kimo cha milimita 4 na nusu. Kihisi cha kamera nyingi za kubadili lenzi kina milimita 23 na nusu kwa 15 na nusu. Eneo lake ni kama mara 13 ya kile kidogo. Weka beseni na kikombe uani wakati wa mvua, kisha uone kipi kitakusanya maji mengi. Ndivyo ilivyo kwa nuru, hasa penye giza.

(d) Fedha ikibaki, iende kwenye lenzi. Lenzi inayouzwa pamoja na kamera huwa na tundu dogo. Lenzi isiyovuta, ya milimita 50, yenye tundu linaloandikwa f/1.8, kwa kawaida si ya bei kubwa sana kwa kulinganisha na nyingine, nayo huingiza nuru karibu mara 10 ya lenzi yenye tundu la f/5.6. Kumbuka: namba ndogo ndilo tundu kubwa. Jambo hili huwachanganya wengi.

(e) Kamera iliyotumika si aibu. Mohamed Amin, mpiga picha maarufu wa Afrika Mashariki, alianza akiwa mvulana wa shule Dar es Salaam na kamera ya Box Brownie iliyokwisha tumika. Ndiye ambaye mwaka 1984 picha zake za njaa ya Korem, Ethiopia, ziliuamsha ulimwengu. Ila ukinunua iliyotumika, kwanza imulike lenzi kwa tochi uone kama ina ukungu ndani, mfano wa nyuzi za buibui. Pili, piga picha ya ukuta mweupe uone kama ina madoa. Tatu, uliza kama betri na chaja ya aina ile bado zapatikana. Kamera isiyo na chaja ni pambo la kabati.

3. NURU YA KWETU SIMIYU

Hapa ndipo penye moyo wa somo letu. Mkoa wetu u karibu na Ikweta. Jua hufika juu kabisa kati ya saa 6 na nusu na saa 7 mchana, na wakati huo husimama karibu na utosi. Macho huwa mashimo meusi, na mwenye kofia hupoteza uso wote. Saa hizo ndizo watu wanapotoka kanisani wakaombwa wajipange mbele ya mlango kwa picha! Tuwapeleke kivulini, chini ya mwembe au upande wa ukuta usio na jua, nyuso zao zikielekea mahali peupe penye uwazi. Kama shughuli yaweza kungoja, saa 1 hadi saa 3 asubuhi, na saa 10 hadi saa 12 jioni, nuru huja kwa ubavu, nayo huwa laini.

Tatizo la pili ni nguo nyeupe. Kamera haijui kanzu wala uso. Hupima nuru ya mbele yake, na kwa kawaida hutaka jumla yake iwe kama rangi ya kijivu cha wastani. Ikiona kwaya ya watu 20 waliovaa kanzu nyeupe, au anga jeupe nyuma ya bwana harusi, hudhani nuru imezidi, nayo huipunguza. Kanzu zinakuwa za kijivu, na nyuso zetu nyeusi zinakuwa makaa. Wengi husema, "Sisi weusi hatutoki vizuri katika picha." Si kweli hata kidogo! Kosa ni la kipimo, na dawa yake ipo. Katika kamera tafuta kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, uongeze nuru hatua moja. Katika simu nyingi, gusa kwa kidole palipo uso wa mtu, kisha panapotokea alama ya jua uisogeze juu kidogo. Usizidishe, kwa maana kanzu ikiungua ikawa weupe mtupu, hakuna fundi atakayerudisha mikunjo yake.

Ndani ya kanisa, usiipige kwaya iliyosimama mbele ya dirisha. Zunguka wewe, ili dirisha liwe mgongoni au ubavuni mwako. Ile taa ya kamera inayomulika ghafula hufika mita 3 au 4 tu. Kuiwasha ukiwa mlangoni ili umpige Baba Askofu madhabahuni siku ya kipaimara, ni kumulika migongo ya walioketi nyuma.

4. KASI NA MKONO

Fikiri unajaza ndoo bombani. Yategemea mdomo wa bomba na muda unaoliacha wazi. Vivyo hivyo nuru ya picha yategemea tundu la lenzi na muda wa kufunguka. Kwa mtu aliyetulia, sehemu 1 ya 125 ya sekunde yatosha. Kwa mcheza ngoma au mtoto anayekimbia, tumia 1 ya 500 au pungufu ya hapo. Nuru ikiwa haba, ongeza namba ya ISO hadi 1600 au 3200. Picha itakuwa na chengachenga kidogo, lakini picha yenye chenga na uso ulio wazi ni bora kuliko picha laini ambayo uso wake umetikisika.

Kamata kamera kwa mikono miwili, viwiko vikigusa mbavu. Usivute sana kwa simu. Mara nyingi simu hukata tu kipande cha picha na kukikuza. Badala yake tembea, umkaribie mtu.

5. ADABU

Kamera haiondoi adabu. Mbele ya mzee, kwanza salamu: "Mwangaluka, mayu," kisha habari za nyumbani, kisha ombi. Akikataa, shukuru uende zako. Akikubali, usibonyeze mara moja. Zungumza naye kwanza. Uso wa kweli huja mtu akisahau kamera. Msibani usipige walio katika kilio bila idhini ya wenye msiba, wala usitume picha za marehemu kwa watu. Wakati wa sala na Ushirika Mtakatifu, mpiga picha akae mahali pamoja, taa yake ikiwa imezimwa.

6. KUTUNZA

Wakati wa kiangazi vumbi letu huingia kila mahali. Weka kamera katika kopo lenye mfuniko, mbali na jua na mbali na gari lililofungwa. Puliza vumbi kwa kipampu kidogo kabla ya kufuta lenzi kwa kitambaa laini. Ingawa tu watu wa mkoa wa pamba, tusifute lenzi kwa pamba itokayo shambani; ina takataka zinazokwaruza.

Kutunza picha ni zaidi ya kutunza kamera. Hapa tuungame kosa letu. Tuliwahi kupiga picha za kipaimara cha watoto wetu wote, tukaziacha katika kadi ile ile moja kwa miezi mitatu. Siku moja kadi ilihitajika kwa kazi nyingine, nasi kwa mikono yetu wenyewe tukaifuta, tukidhani ni ile tupu. Wazazi waliotuuliza tuliwajibu kwa kuinamisha kichwa. Tangu hapo kanuni yetu ni nakala 3: moja katika kompyuta, moja katika diski inayowekwa nyumba nyingine, na moja ya karatasi kwa zile picha bora.

Ndiyo, karatasi. Simu huibiwa na diski huharibika. Kila mwaka chagua picha 12 ukazisafishe. Nyuma ya kila moja andika kwa penseli laini majina, mahali na tarehe. Picha isiyo na jina, baada ya miaka 30 ni picha ya mgeni.

ZOEZI LA NYUMBANI

Mchukue mzee mmoja wa nyumbani kwako. Mpige picha tatu: ya kwanza juani saa 7 mchana, ya pili kivulini saa ile ile, ya tatu akiwa ameketi ndani karibu na mlango ulio wazi, uso wake ukielekea nje. Zilinganishe. Chagua iliyo bora, uisafishe, umpelekee mwenyewe. Mwulize kama anajiona.

MASWALI YA KUJADILIWA KATIKA VIKUNDI

1. Kwa nini nyuso za kwaya iliyovaa kanzu nyeupe hutoka nyeusi mno? Tufanye nini?
2. Kijana ana fedha ya kununua ama simu ya megapikseli 48, ama kamera iliyotumika ya megapikseli 16 yenye kihisi kikubwa. Anataka kupiga picha za ibada. Mshauri.
3. Ni nani katika mtaa wetu ambaye akifariki leo hatutakuwa na picha yake iliyo wazi? Nani atakwenda kumpiga wiki hii?