DEGEDEGE LISILO LA MALARIA: DAWA YA KALSIAMU KWA WATOTO

Katika nchi ya majani ya chai, tangu Kabianga na Kericho hata Bomet, asubuhi nyingi huwa za ukungu na baridi. Kwa hiyo mama humfunika mtoto wake mchanga blanketi, na aendapo kuchuma chai humwacha nyumbani na mlezi. Mapenzi hayo ni mema. Lakini mtoto asiyepata jua kwa miezi mingi aweza kupungukiwa na kitu kisichoonekana kwa macho, nacho ni kalsiamu ya damu.

Kalsiamu ni madini yajengayo mifupa. Katika kila sehemu 100 za kalsiamu ya mwili, 99 zimo katika mifupa na meno. Sehemu 1 iliyobaki ni ndogo, lakini ndiyo itulizayo mishipa ya fahamu na kusaidia misuli na moyo kufanya kazi. Ikipungua mno katika damu, vidole vya mtoto hukakamaa, viungo hurukaruka, koo hukoroma avutapo pumzi, na mwisho hushikwa na degedege.

Wazazi wengi waonapo degedege husema mara moja ni malaria. Wengine husema ni shetani. Yafaa ifahamike ya kwamba sababu zake ni nyingi, na upungufu wa kalsiamu ni mojawapo. Mzazi amlaze mtoto ubavu, asimtie kitu chochote kinywani, ampeleke hospitali upesi. Huko damu hupimwa, ili ijulikane kama ni malaria, au ni upungufu wa sukari, au wa kalsiamu.

Ikiwa kalsiamu imepungua mno na mtoto ana degedege, daktari humtia dawa iitwayo kalsiamu glukoneti katika mshipa wa damu. Dawa hiyo huzimuliwa kwanza, kisha huingizwa polepole, kwa muda wa dakika 10 hivi au zaidi, huku mapigo ya moyo yakiangaliwa. Ikiingizwa kwa haraka, moyo waweza kwenda pole mno, hata kusimama. Tena ikivuja nje ya mshipa, huunguza nyama na kuacha kidonda kibaya. Kwa sababu hiyo mzazi asimhimize mwuguzi afanye haraka, wala asitafute sindano hiyo dukani.

Mara nyingi degedege hukoma, na mzazi hudhani mtoto amepona. Hapo ndipo penye hatari. Nguvu ya sindano hudumu kwa saa chache tu. Ikiwa chanzo ni upungufu wa vitamini D, mtoto lazima aendelee kunywa vitamini hiyo na kalsiamu kwa wiki nyingi, kama alivyoagizwa. Bila vitamini D, tumbo haliwezi kufyonza kalsiamu ya chakula vizuri. Mifupa hulainika, na mtoto huota matege.

Kabianga i karibu na Ikweta, na jua lake latosha, bali halipenyi blanketi wala ukuta. Ukungu ukiisha, mtoto atolewe nje kila siku kwa kitambo, uso, mikono na miguu ikiwa wazi. Aendelee kunyonya, ingawa maziwa ya mama yana vitamini D kidogo. Kliniki itasema kama anahitaji matone yake. Aliyepita mwaka mmoja apewe maziwa, dagaa na sukuma wiki, wala asishibishwe chai ya rangi.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta.