Masimulizi Yanapokinzana: Filamu ya James Booker na Uandishi wa Wasifu

Wanafunzi wa fasihi tumezoea kuupokea wasifu ukiwa umekwisha kupembuliwa. Mwandishi hukusanya masimulizi, huyatupa yanayopingana, kisha hutupa maisha yanayotiririka bila kikwazo tangu kuzaliwa hadi kaburini. Filamu ya hali halisi iitwayo Bayou Maharajah, iliyoongozwa na Lily Keber na kutolewa mwaka wa 2013, inakiuka desturi hiyo. Kwa maoni yangu, ukiukaji huo ndio ubora wake.

Mhusika wake ni James Booker, mpiga piano Mmarekani Mweusi aliyezaliwa New Orleans tarehe 17 Desemba 1939. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kibaptisti. Booker aliufahamu muziki wa Chopin sawasawa na nyimbo za kanisani na zile za baa, akavichanganya vyote chini ya vidole vyake. Mwaka wa 1960 kibao chake "Gonzo" kiliingia katika orodha ya nyimbo zilizouzwa sana Marekani. Mwaka wa 1970 alifungwa katika gereza la Angola kwa sababu ya heroini. Baadaye alishangiliwa katika kumbi za Ulaya, ilhali mjini kwao aliwapigia wanywaji katika baa ya Maple Leaf. Alifariki tarehe 8 Novemba 1983, akiwa na umri wa miaka 43, akisubiri kutibiwa katika hospitali ya umma.

Booker hakuwa na jicho la kushoto. Alilifunika kwa kitambaa chenye nyota. Alilipotezaje? Katika filamu, kila shahidi ana jibu lake, na majibu hayo hayapatani hata kidogo. Keber anayapanga moja baada ya jingine wala hatoi hukumu. Mtazamaji anacheka. Kisha anang'amua kwamba chimbuko la mkanganyiko huo ni Booker mwenyewe: alikuwa fanani, na kisa cha jicho alikibadilisha kulingana na hadhira.

Msomaji wa Kiswahili atamkumbuka Fumo Liyongo, ambaye hata karne aliyoishi ingali inazozaniwa. Tofauti ni kwamba kwa Liyongo tunausingizia umbali wa wakati. Booker alikufa juzi tu. Picha zipo, kanda zipo, rafiki zake waliishi wakahojiwa. Kumbe ukinzani si lazima uwe uchafu unaoletwa na miaka. Huenda ni sehemu ya utendaji wenyewe. Mtafiti anayemhoji malenga na kupewa visa vitatu kuhusu tukio moja hana budi kuviandika vyote vitatu, pamoja na majina ya waliokuwapo kila kimoja kiliposimuliwa. (Wengi wetu, nami nikiwamo, huchagua kile kinachoingia vizuri katika sura ya pili ya tasnifu.)

Filamu hii si kamilifu. Kuna mahali ambapo sifa zinafuatana mno, hata mtu akasahau kuuliza ni vipi msanii aliyependwa hivyo aliachwa peke yake siku za mwisho.

Hata hivyo, lipo jambo moja ambalo halina matoleo mawili, nalo ni mikono. Harry Connick Mdogo, ambaye Booker alimfundisha alipokuwa mtoto, anaketi kwenye piano na kuufumua mtindo wa mwalimu wake, kama sisi tunavyolifumua shairi kwa mizani na vina. Mkono wa kushoto unashika sauti nzito za chini, kisha unaruka juu kuzijaza za kati. Wa kulia unabeba wimbo na bado unapata nafasi ya kuupamba. Anapiga polepole ili tuone. Halafu anaiunganisha mikono yote miwili kwa mwendo wa Booker, na sikio linashindwa kuamini kwamba aliyeketi pale ni mtu mmoja.