Kupima Umeme Usiotulia

Umeme wa betri hutulia, bali umeme wa nyaya za nyumbani huenda mbele na kurudi nyuma, kama maji ya pwani yajaapo na kupwa. Katika Tanzania hufanya safari hiyo mara 50 kwa kila sekunde. Volti zake hupanda mpaka 325 hivi, hushuka mpaka sifuri, kisha huzidi kushuka chini ya sifuri kwa kadiri ile ile. Lakini watu husema, "Volti 230." Namba hiyo hupatikanaje?

Mtu akitafuta wastani wa volti hizo, atapata sifuri, kwa kuwa za juu na za chini hufutana. Jibu hilo ni la hatari! Waya ule ule hupasha pasi moto, na mwenye kuugusa aweza kufa.

Basi, joto la umeme hufuata volti zikizidishwa kwa zenyewe. Na namba ya chini ya sifuri ikizidishwa kwa yenyewe, huwa ya juu. Hapo hakuna kufutana tena.

Hesabu hiyo hufanywa na maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo iliyo katika kipande kimoja. Iko aina isiyopokea zaidi ya volti 5, wala volti za chini ya sifuri. Kwa hiyo fundi huupunguza umeme kwanza kwa transfoma na vifaa vingine, kisha huuinua kwa volti 2.5.

Kwa mfano, umeme umepunguzwa mara 460, na katika safari moja maikrokontrola imeusoma mara nne, kwa nafasi zilizo sawa: 2.6, 3.2, 2.4 na 1.8.

Kwanza, huondoa 2.5 katika kila namba: hubaki 0.1, 0.7, −0.1 na −0.7.
Pili, huzidisha kila moja kwa yenyewe: 0.01, 0.49, 0.01 na 0.49.
Tatu, hutafuta wastani: jumla ni 1, ikigawanywa kwa 4 ni 0.25.
Nne, hutafuta namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe huwa 0.25; nayo ni 0.5.

Mara 460 ya 0.5 ni volti 230.

Katika kazi yenyewe husoma mara nyingi zaidi, kwa safari kamili, kwani safari iliyokatwa katikati huharibu wastani. Nyaya za nyumbani ziachiwe fundi. Mwanafunzi atumie kalamu na karatasi.

Maswali
1. Kwa nini wastani wa volti zenyewe ni sifuri?
2. Fundi akisahau kuondoa 2.5, atapata volti ngapi?