Naangalia Baiskeli kwa Kujificha

*Shangazi, nina miaka 31, nimeoa, nina watoto wawili. Naishi Lalago, nauza vipuri vya baiskeli na pikipiki. Tangu Biniam Girmay alipochukua jezi ya kijani ya pointi kule Ufaransa mwaka 2024, mbio za baiskeli zimeniingia kwenye damu. Julai nzima, jioni nipo nyuma ya duka na spika za masikioni. Pale kwenye kibanda umiza wenzangu wanataka Simba na Yanga. Nikitaja baiskeli wananicheka. Baba, ambaye tunaishi naye, alibeba pamba kwa baiskeli ujana wake wote. Anasema ni upuuzi wa watu walioshiba, tena wanakula dawa. Basi nikazoea kujificha. Sasa mke wangu ameona bando linaisha haraka na simu naigeuza akitokea. Anaamini nina mwanamke. Nilipomwambia ni baiskeli, alilia zaidi. Niache kuangalia?*

*Shabiki, Lalago*

Mwanangu, usiache. Ila mkeo hajakosea, na yeye ndiye tuanze naye.

Mwanamume anayegeuza simu kila mkewe anapotokea, kisha akibanwa anasema "ni baiskeli", anategemea aaminiwe vipi? Hata mimi ningelia. Kosa halipo kwenye kupenda mbio, lipo kwenye kuficha. Aibu uliyopewa kibandani uliibeba ukaiingiza nyumbani, na huko imegeuka jambo jingine kabisa. Leo jioni mpe simu mkononi, aipekue atakavyo, umwombe radhi kwa kujificha. Usianze kumhubiria baiskeli usiku huohuo. Kwanza mtajie fedha. Mwambie bando la Julai lilikugharimu kiasi gani, mkubaliane la mwaka huu lisizidi wapi.

Na bando lako unalitumia vibaya, nikuambie ukweli. Mbio za Ufaransa zina hatua 21 ndani ya siku 23, na hatua moja huweza kuchukua saa nne au tano. Hakuna duka la vipuri linalobeba mzigo huo. Siku za tambarare, kilomita kumi za mwisho zinatosha, kwa sababu hapo ndipo timu zinapomleta mtu wao wa mbio fupi mbele. Siku za milimani tazama milima miwili ya mwisho. Siku ya kushindana na saa, soma matokeo tu. Hatua nyingi humalizika kati ya saa kumi na moja na nusu na saa kumi na mbili jioni kwa saa za Ufaransa, ambazo kwetu Julai ni saa kumi na mbili na nusu hadi saa moja. Mteja wa pancha ameshaondoka saa hizo. Kalia sebuleni, sauti wazi.

Mkeo akitulia, muonyeshe mbio za wanawake. Anza na Kigali, Septemba 27, 2025, mashindano ya dunia ya barabarani yalipofika Afrika kwa mara ya kwanza. Wakubwa waliotajwa kila mahali walibaki wakitazamana, kila mmoja akingoja mwenzake atoe jasho la kufukuza, na Magdeleine Vallieres wa Kanada, binti wa miaka 24 ambaye wachache walimtaja, akaondoka na jezi ya bingwa wa dunia. Kisha msimulie mbio za wanawake za Ufaransa za mwaka 2024. Demi Vollering alianguka hatua ya tano akiwa na jezi ya njano ya kinara, akaipoteza. Siku ya mwisho alipanda Alpe d'Huez kwa hasira akawa wa kwanza kileleni, lakini Kasia Niewiadoma akamzidi kwa sekunde 4 katika jumla ya hatua zote nane. Sekunde nne! Mwanamke yeyote aliyewahi kukosa kitu kwa upenyo mdogo namna hiyo ataelewa kwa nini ulikuwa unatoa macho nyuma ya duka.

Sasa baba yako. Huyu ndiye aliyenifanya nichague barua yako.

Una mtu ndani ya nyumba anayeujua mchezo huu kuliko wewe, na unamkimbia. Wewe umeujua kupitia kioo cha simu. Yeye ameujua kwa magoti, akiwa na mzigo wa pamba kwenye keria, barabara ya vumbi, upepo wa mbuga za Simiyu ukimpiga. Ulimwendea na majina ya Wazungu na jezi za rangi, akaona upuuzi. Mwendee na upepo.

Muulize hivi, "Baba, upepo ukitoka kushoto, na mpo wawili barabarani, wewe ulikaa wapi?" Atakujibu bila kufikiri, nyuma kidogo ya mwenzake, upande wa kulia. Basi hapo ameshakueleza jambo ambalo timu za kulipwa huajiri makocha kulipanga. Upepo wa ubavuni ukivuma, waendeshaji hujipanga mshazari barabarani, na barabara ikijaa, anayekosa nafasi kwenye mstari anaachwa na hawaoni tena. Siku kama hiyo mtu anaweza kupoteza mbio za wiki tatu kwenye uwanda usio na kilima hata kimoja. Na kukaa nyuma ya mwenzako kunaokoa karibu theluthi ya nguvu, wakati mwingine zaidi ukiwa katikati ya kundi kubwa. Ndiyo maana timu ina watu wanane na saba kati yao wanaweza kumaliza wiki tatu wakikata upepo, wakirudi nyuma kwenye gari kuchukua chupa za maji, au wakitoa gurudumu lao ili kiongozi mwenye pancha asingoje gari. Ni desturi mshindi wa mbio za Ufaransa kuwagawia wenzake fedha za zawadi. Mzee aliyesafiri na wenzake wakipokezana kwenda mbele hatahitaji kufundishwa kwa nini.

Kuhusu dawa, usibishane naye. Ana haki. Lance Armstrong wa Marekani alishinda Ufaransa mara saba mfululizo, 1999 hadi 2005, na mwaka 2012 akanyang'anywa zote kwa sababu ya dawa; Januari 2013 akakiri mwenyewe kwenye televisheni. Tangu mwaka 2008 damu za waendeshaji huwekewa kumbukumbu za miaka na mabadiliko yake hufuatiliwa, na mimi naamini hali ni bora kuliko ilivyokuwa. Lakini usimwapie mzazi wako kwa ajili ya mtu ambaye hujui kilichomo mwilini mwake. Mwambie, "Kweli baba, walikuwepo," halafu endeleeni kuangalia.

Na akisema hakuna wa kwetu, hapo jibu unalo. Chris Froome, aliyeshinda Ufaransa mara nne, alizaliwa Nairobi na ujana wake alifundwa na David Kinjah, Mkenya. Mwaka 2015 Daniel Teklehaimanot na Merhawi Kudus wa Eritrea waliingia Ufaransa, Waafrika weusi wa kwanza kutoka huku kwetu, na Teklehaimanot akaivaa ile jezi ya madoa mekundu ya mfalme wa milima. Girmay wako wa Asmara naye akashinda hatua tatu mwaka 2024, ya kwanza pale Turin. Nakumbuka nilivyopiga vigelegele peke yangu hadi jirani akaja kuuliza kuna nini. Kwa hiyo najua upweke unaouandika, na sitaki uendelee nao.

Wa kibandani waache na mpira wao, hawajakukosea. Ila Kanda ya Ziwa ina mbio zake, za baiskeli hizihizi unazouzia spoku, wanaume kwa wanawake, tena watu hujaa barabarani. Wewe una duka. Zikitangazwa karibu nawe, beba pampu, tyubu na spana, umchukue na mzee, msimame mahali penye kona au changarawe mbaya, kwa sababu hapo ndipo mtu atakapowahitaji.

Julai ikifika, usimwite mzee siku ya kwanza. Ngoja siku ya mlima mrefu, au siku watangazaji wanapoanza kulalamikia upepo. Akikaa, akakuuliza nani anashinda, usimtajie wako. Mwache atazame nani amejificha vizuri kwenye upepo, na achague wake mwenyewe.