Kusikiliza Taarab kwa Sauti ya Chini: Besi, Trebo na Sikio la Mkusanyaji

Makala hii inakusudia kumfaa mwanafunzi anayenukuu mashairi ya taarab usiku katika chumba cha kupanga, iwe ni Kisauni, Likoni au Changamwe. Aghalabu ukuta mmoja tu ndio unaotenganisha redio yake na kitanda cha jirani, na sauti haina budi kushushwa. Inaposhushwa, hata hivyo, wimbo hupoteza uzito: udi wa Zein l'Abdin huwa mkavu, na ngoma ni kama hazipo.

Kosa si la redio. Mwaka 1933, Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara za Bell nchini Marekani walionyesha kwamba sikio la binadamu halizisikii sauti zote kwa usawa, na kwamba tofauti hiyo huzidi sauti inapokuwa ndogo. Sauti nene ndizo zinazotangulia kupotea. Wimbo uliokuwa juu ukishushwa kwa desibeli 40, sauti ya herezi 100 huhitaji kurudishiwa desibeli zipatazo 10 ili uwiano wa awali usikike. Ndiyo sababu baadhi ya mashine zina kitufe kilichoandikwa LOUDNESS, ambacho hurejesha besi, na mara nyingi trebo kidogo. Sauti ikipandishwa tena, kizimwe.

Asiye na kitufe hicho atumie vifundo vya besi na trebo. Mchana asikilize wimbo anaoujua vyema, kwa sauti ya kawaida, vifundo vikiwa katikati. Usiku ashushe sauti kwanza, ndipo aongeze besi kidogo kidogo mpaka nyuzi nene za udi zirejee. Spika ndogo ikianza kukwaruza, imefika ukomo wake. Ieleweke pia kwamba besi ndiyo hasa ipenyayo ukuta. Kwa hiyo spika isiegemezwe upande wa jirani, bali isogezwe karibu na msikilizaji. Visikizi vya masikioni vingemaliza ugomvi, lakini hata humo sauti ya chini hupungukiwa na besi.

Hayo ni ya starehe. Kwa kunukuu, shauri langu ni kinyume chake. Kimvita hutofautisha paa la nyumba na p'aa wa mwituni, kaa la moto na k'aa wa baharini, kwa pumzi tu. Muktadha husaidia, lakini mshairi wa mafumbo hupenda kuuficha. Pumzi hiyo ni sauti hafifu ya masafa ya juu, na besi iliyozidi huifunika. Basi anayenukuu arudishe besi katikati au chini yake, aongeze trebo kiasi, na azime feni (jambo gumu mwezi wa Februari!). Neno likiendelea kutia shaka, aliwekee alama ya kuuliza, na aurudie mstari huo asubuhi kwa sauti ya kawaida kabla ya kunakili nakala safi.