Mora, rock na neno lililogeuka: baladi tatu za Kuwata Keisuke

Utangulizi

Katika masomo ya isimu tumezoea kuchambua lugha inayosemwa au inayoandikwa. Hapa ninataka kuitazama lugha inapoimbwa. Mfano wangu ni Kuwata Keisuke (Kuwata ni jina la ukoo, nalo kwa Kijapani hutangulia), mtunzi na mwimbaji wa kundi la rock la Southern All Stars. Alizaliwa mwaka 1956 katika mji wa pwani wa Chigasaki, mkoa wa Kanagawa, na kundi lake lilitoa wimbo wa kwanza mwaka 1978. Nimechagua baladi tatu ambazo Wajapani wengi wanazijua kwa moyo: Itoshi no Ellie (1979), Manatsu no Kajitsu (1990) na Tsunami (2000).

Maswali yangu ni mawili. Kwanza, Kijapani kinaingiaje katika muziki uliozaliwa ndani ya Kiingereza? Pili, neno likibadilika huku nje, je, wimbo uliolibeba unabaki uleule?

1. Tatizo la mora

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wanamuziki wa Japani walibishana vikali kama rock inaweza kuimbwa kwa Kijapani. Kundi la Happy End lilisema inawezekana na likatoa albamu zake kwa Kijapani. Wengine, akiwamo mwimbaji Uchida Yuya, walishikilia Kiingereza.

Ubishi huo ulikuwa na msingi wa kifonolojia. Kijapani hupimwa kwa mora, yaani vipande vya sauti vinavyochukua muda unaokaribiana. Neno hon, 'kitabu', ni silabi moja lakini ni mora mbili: ho-n. Msemaji wa Kiswahili hapotei hapa, kwa sababu katika mtu tunatamka m-tu, na ile m inajitegemea. Sasa chukua neno la Kiingereza strike: ni silabi moja, noti moja inalitosha. Likiingia Kijapani linakuwa su-to-ra-i-ku, mora tano. Kwa hiyo mtunzi anayempa kila mora noti yake hupata maneno machache sana katika mstari mmoja, na mdundo wa rock unalegea.

Kuna pia suala la kiimbo. Katika Kijapani cha Tokyo, hashi yenye sauti ya juu mwanzoni ni vijiti vya kulia. Ikipanda mwishoni ni daraja. Wenzetu wanaosema Ciluba au Kilingala wanajua jambo hili kutoka nyumbani: muziki ukipanda mahali ambapo neno linashuka, msikilizaji hutegemea muktadha.

2. Njia ya Kuwata

Inajulikana kwamba Kuwata hutunga muziki kwanza, akiimba sauti zisizo na maana zinazofanana na Kiingereza, kisha hutafuta maneno ya Kijapani yanayokaa juu ya sauti hizo. Matokeo yake ni kwamba mora mbili au tatu hubanwa katika noti moja. Kijapani chenyewe kinamsaidia: irabu i na u, zikiwa kati ya konsonanti zisizo na mghuno, hufifia hata katika mazungumzo ya kawaida, hivi kwamba shita husikika karibu kama shta. Kuwata anakuza tabia ambayo lugha inayo tayari. Katika nyimbo zake za kasi, hata Wajapani walilalamika kwamba hawasikii maneno.

Katika baladi mambo ni tofauti. Mwendo ni wa polepole, mora inapata nafasi ya kupumua, na msikilizaji anaelewa. Nadhani hii ni sababu moja ya baladi zake kupendwa na watu wa rika zote.

3. Majina matatu

Itoshi no Ellie maana yake ni 'Ellie mpenzi'. Kivumishi hutangulia nomino, kinyume na Kiswahili, na itoshi ni umbo la kishairi la kivumishi ambacho leo ni itoshii. Neno la zamani linaungana na jina la kigeni: ndiyo mbinu yote ya Kuwata kwa ufupi. Mwaka 1989 Ray Charles aliurekodi wimbo huu kwa Kiingereza.

Manatsu no Kajitsu, 'tunda la katikati ya kiangazi', ulitumika katika filamu Inamura Jane, iliyoongozwa na Kuwata mwenyewe. Jacky Cheung wa Hong Kong aliuimba kwa Kikantoni mwaka 1991. Muziki ulivuka mpaka; maneno yaliandikwa upya.

Tsunami uliuza zaidi ya nakala milioni 2 na kupata Tuzo ya Rekodi ya Japani ya mwaka 2000. Neno lenyewe linaundwa na tsu, 'bandari', na nami, 'wimbi'. Ndani ya wimbo ni tashbihi: upweke wa mpenzi unalinganishwa na wimbi hilo.

4. Tashbihi inapokuwa habari

Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko la ukubwa wa 9.0 lilisababisha tsunami iliyoua watu zaidi ya 15,000 kaskazini mashariki mwa Japani. Vituo vya redio vikaepuka kuupiga wimbo huu, na Kuwata akaacha kuuimba. Mwezi Septemba mwaka huohuo alifanya tamasha mkoani Miyagi, katika ukumbi ambao baada ya maafa ulitumika kuhifadhi miili ya waliokufa. Mahali kama hapo, hakuna msikilizaji angeweza kusikia tsunami kama tashbihi.

Hakuna mora iliyobadilika katika wimbo. Muziki ni uleule, sarufi ni ileile. Kilichobadilika ni umbali kati ya neno na kitu. Tashbihi huhitaji umbali huo. Ukifutika, kinachobaki ni habari. Kiswahili pia kina ushahidi: baada ya tarehe 26 Desemba 2004, wimbi la Bahari ya Hindi lilipofika hadi pwani ya Afrika Mashariki, tsunami likawa neno letu, na liliingia kwetu moja kwa moja kama jina la maafa.

Hitimisho

Mwaka 1984 Kuwata alichapisha kitabu ambacho jina lake, kwa lugha ya mtaani, linasema takriban: 'Haya ni maneno ya nyimbo tu!' Alikuwa akijidharau kwa mzaha. Kwa upande wa utunzi ninamwelewa, kwani kwake sauti hutangulia maana. Lakini msikilizaji hafuati utaratibu huo. Maana inamfikia pamoja na tarehe anayosikilizia, na tarehe hiyo mtunzi haiandiki yeye.

Maswali ya kujadili

1. Hesabu mora katika Nihon, Tokyo (Tōkyō) na rokku, kisha linganisha na silabi za Kiswahili katika nchi, mbwa na mpenzi.
2. Chagua wimbo wa Kilingala au wa Ciluba. Je, muziki unafuata toni za maneno, au unaziacha?
3. Je, kunyamazisha wimbo baada ya maafa ni heshima kwa wafiwa, au ni kuwanyima faraja? Tetea jibu lako kwa hoja za kisemantiki.