Visu vya Kukunja vya Matangazo: Soma Maandishi Kabla ya Kutoa Pesa

Kalenda ya duka hutupwa mwaka ukiisha. Wafanyabiashara wa Marekani wa mwishoni mwa karne ya 19 walilijua hilo, ndiyo maana wengi wao waligawa pia visu vidogo vya kukunja vyenye jina la duka ubavuni mwa mpini. Mkulima alikata nacho kamba za magunia, akachongea penseli, akamenyea tufaha, na kila alipokitoa mfukoni alikutana tena na jina la muuza mbegu wake. Waliogawa visu hivyo ni wengi: wauza chakula cha mifugo, watengeneza viatu, mabenki, viwanda vya bia, maduka ya vifaa vya ujenzi. Desturi hiyo ilidumu hadi ndani kabisa ya karne ya 20, na leo visu hivyo vinakusanywa na watu wa nchi nyingi. Anayetaka kuanza hahitaji utajiri. Anahitaji macho, na subira ya kusoma maandishi madogo.

Adolphus Busch, tajiri wa bia wa St. Louis, aliwapa watu kisu pale ambapo mwingine angetoa kadi yenye jina lake. Mpinini mwa kisu hicho mlikuwa na tundu lenye lenzi ndogo mno, na ukichungulia ndani unaiona picha ya Busch mwenyewe. Ukikutana na kimoja, kielekeze kwenye mwanga kabla hujauliza bei. Kisu ambacho lenzi yake imetoka au picha imefifia hakiwezi kuuzwa kama kilicho kizima, muuzaji aseme atakavyo.

Kwa maduka ya kawaida, mji wa kukumbuka ni Canton, katika jimbo la Ohio. Kampuni za hapo, zikiwemo Novelty Cutlery na Canton Cutlery, zilitengeneza mipini ya seluloidi angavu na kuweka chini yake picha, jina na anwani. Wino umelala chini ya seluloidi, kwa hiyo kidole cha miaka mingi hakikuufuta. Visu vingine vina maandishi yaliyochongwa kwenye mpini wa chuma au kugongwa kwenye bapa. Hivyo navyo husomeka, ila uviinamishe inamishe mpaka mwanga uyapate maandishi.

Maandishi hayo ndiyo yatakayokuambia umri. Anzia pale bapa linapoingia mpinini, kwani ndipo mtengenezaji hupiga muhuri wake. Ukikuta neno «Germany», kisu hicho kwa kawaida ni cha 1891 au baadaye, kwa sababu sheria ya ushuru ya 1890 ilidai bidhaa zinazoingia Marekani zionyeshe nchi zilikotoka. Sheria hiyo ilibeba jina la William McKinley, mbunge aliyekuwa mkazi wa Canton hiyohiyo. Lakini kukosekana kwa jina la nchi hakuthibitishi kitu, maana muhuri huweza kusagika. Neno «West Germany» linakuleta kati ya 1949 na 1990. Chapa ya Remington ya zamani ni ya 1920 hadi 1940, miaka ambayo kampuni hiyo ya bunduki ilitengeneza visu kabla ya kuviacha.

Kisha soma anwani. Namba ya simu yenye tarakimu mbili au tatu ni dalili ya mji mdogo na siku za zamani. Tarakimu moja au mbili baada ya jina la mji mkubwa, kama «St. Louis 3, Mo.», ni mtindo wa posta ulioanza 1943. Namba ya posta ya tarakimu tano ilianza 1963, kwa hiyo anayekuuzia kisu chenye namba hiyo akidai ni cha enzi za farasi, mrudishie mkononi. Kisu cha kiwanda cha bia nacho mara nyingi ni cha kabla ya 1920 au baada ya 1933, kwa kuwa katikati pombe ilipigwa marufuku, ingawa viwanda vingine viliendelea na vinywaji visivyo na kilevi.

Kinachoghushiwa sana ni kile chenye jina kubwa. Visu vya Coca-Cola vya kughushi vimejaa sokoni, na mgeni wa kazi hii afadhali asivikaribie. Mimi ningependa zaidi kisu cha duka la mbegu lisilojulikana: hakuna anayehangaika kukighushi, bei yake ni ya chini, na jina lake linaweza kutafutwa katika magazeti na vitabu vya anwani vya mji wake. Chukua mkondo mmoja, kama viatu, au chakula cha mifugo, au mji mmoja tu. Kisu chochote utakachoshika, linganisha sehemu zake. Bapa lililoliwa na tupa huku mpini unang'aa kama wa jana lina maswali ya kujibu. Kutu iliyoenea sawasawa kila mahali, hata ndani ya mikwaruzo mipya, mara nyingi imepakwa na mtu.

Ukishanunua, zuia mkono wako. Usitumie msasa, usitumie brashi ya chuma, usilinoe bapa. Tone la mafuta ya cherehani kwenye pini na kitambaa laini vinatosha, maana ukishaifuta chapa haitarudi.

Shida kubwa ni seluloidi yenyewe. Hutengenezwa kwa naitroselulosi na kafuri, na ikianza kuoza hutoa gesi yenye tindikali inayokula chuma cha kisu hicho na cha jirani zake. Dalili ni harufu kali, nyufa, mpini kunywea, na kutu ya ghafla au ukijani kwenye shaba ya ndani. Kitenge mara moja. Usivifungie visu hivi katika mifuko ya plastiki wala katika ala za ngozi. Viweke mahali penye hewa na ubaridi. Kwa anayeishi Mombasa au Dar es Salaam, unyevu wa pwani unamlazimu kuvikagua mara nyingi zaidi. Na usijaribu kamwe kuitambua seluloidi kwa sindano ya moto, kama wengine wanavyoshauri, kwani hushika moto upesi na kwa nguvu.

Kwenye ndege, kisu kinakaa katika mzigo unaokabidhiwa, hakiingii nawe ndani. Uliza pia sheria ya unakokwenda. Uingereza inaruhusu kutembea na kisu cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi 3 na bapa lisilojifunga likikunjuliwa, lakini kinachofyatuka kwa kitufe, England na Wales, hakiruhusiwi hata kuwekwa nyumbani tangu 2021, na baadhi ya visu vya zamani ni vya namna hiyo.